Wiki mbili zilizopita alikuwaje?

Bajaji iliingia kinyumenyume mpaka karibu na mlango wa emajensi, saa nane na dakika zake usiku, na kitu cha kwanza nilichokiona ni miguu. Miguu miwili imechomoza kwenye khanga, soksi moja nyeusi, nyingine kijani. Halafu akashuka mwanamume wa makamo, shati limenyooka, mkononi faili la plastiki lenye kadi ya bima na vyeti vya zamani vyote vimepangwa kwa tarehe. Nikajisemea afadhali, hawa wanajielewa.

"Shikamoo mama," nikamwambia bibi tukiwa tunamhamishia kwenye machela. Akafungua macho, akafumba.

Presha 118 kwa 70. Mapigo 76. Joto 36.7. Oksijeni 94. Sukari 6.9.

"Mama kalegea tu tangu jana sista, na chakula hataki," mwanae akasema.

"Kabla ya hapo alikuwaje?"

"Mzima kabisa. Huyu mama ana nguvu kuliko mimi. Kila kitu anafanya mwenyewe."

Nikaandika 3.

Nyuma yake, pale ukutani karibu na sinki, alisimama binti wa miaka kama kumi na saba hivi kashika beseni la bluu, ndani ya beseni kuna chupa ya chai, taulo, na paketi ya pampasi za wakubwa. Paketi ilikuwa imeshafunguliwa, imebaki nusu.

Niliiona. Ndo kinachoniudhi mpaka leo, niliiona kabisa.

Beseni

Yule bibi alikaa kwenye foleni ya njano, ya wanaoweza kusubiri kidogo, karibu masaa manne. Sio kwamba alisahaulika, usiku ule tulikuwa na ajali ya daladala na mtoto wa degedege, na yeye kwenye karatasi alikuwa anapendeza, namba zote zimetulia. Dokta alipomfikia akasikiliza kifua, akaagiza eksirei, ikaonekana pafu la kulia limejaa. Nimonia. Akaanzishiwa dawa, akapelekwa wodini. Siku ya tatu akafariki.

Sisemi kwamba ningeandika namba nyingine angepona. Sijui, na hakuna anayejua. Ninachosema ni kwamba ile 3 haikuwa kweli, na niliijua siku mbili baada ya msiba, binti aliporudi kuchukua beseni ambalo lilikuwa limebaki kwetu chini ya meza.

Nikampa pole. Tukapiga stori kidogo pale mlangoni maana hakuwa na haraka. Na bila mimi kuuliza chochote akaanza kusimulia: yeye ndiye aliyekuwa anamuogesha bibi tangu kabla ya Ramadhani, chooni anampeleka kwa kumshika mkono, bibi ameanguka mara mbili uani ila alimkataza asimwambie kaka, na siku nyingine bibi alikuwa anamwita kwa jina la mdogo wake aliyefariki zamani. Vyakula vigumu alishaacha, ni uji na ndizi za kuponda.

Nikamuuliza kwa nini hukusema usiku ule.

"Si alikuwa anaongea kaka."

Akachukua beseni akaondoka.

Hiyo 3 ni ya nini

Kwa wasiofanya kazi zetu, nieleze kidogo halafu tuendelee. Kuna skeli inaitwa CFS, kirefu chake Clinical Frailty Scale, ya kupima mzee kabakiza nguvu kiasi gani na anategemea watu kiasi gani, inatoka Halifax kule Kanada, Chuo Kikuu cha Dalhousie, timu ya daktari wa wazee anaitwa Kenneth Rockwood. Waliichapisha mwaka 2005 ikiwa na ngazi 7, baadaye wakaifanya 9. Moja ni mzee anayekushinda mbio. Tatu ni mtu mwenye presha yake au sukari yake lakini maisha yanakwenda. Nne ameanza kupunguza mwendo, bado hategemei mtu. Tano anahitaji msaada kwenye mambo mazito kama hela, dawa, kupanda gari. Sita mambo yote ya nje ya nyumba anasaidiwa na hata kuoga ni mpaka mtu awepo. Saba kila kitu cha mwili wake kiko mikononi mwa wengine. Nane anaelekea ukingoni. Tisa ni mgonjwa aliyebakiza muda mfupi, miezi isiyofika sita, hata kama bado anatembea.

Uzuri wake haihitaji mashine. Ipo njia nyingine maarufu, ya Linda Fried na wenzake wa Marekani, 2001, ina dalili tano: kupungua uzito, kuchoka, mwendo wa taratibu, kutojishughulisha, na nguvu ya kukaza mkono ambayo unaipima kwa kifaa maalum. Nzuri sana kwa kliniki. Saa nane usiku mtu kalala kwenye machela huwezi kumwambia bibi tembea hatua kadhaa nikupime spidi.

CFS ni kuuliza tu. Na swali lake kubwa ni lile lile: wiki mbili zilizopita alikuwaje? Maana leo kila anayeletwa emajensi anaonekana saba, hata bondia akishikwa na malaria kali utambeba. Unatafuta mtu aliyekuwepo kabla ya ugonjwa.

Na inafanya kazi kweli. Basel, Uswisi, waliipima kwa wagonjwa zaidi ya 2,300 wa miaka 65 na kuendelea waliofika emajensi, utafiti ukatoka 2020, na CFS ikatabiri nani atafariki ndani ya siku 30 vizuri kuliko skeli ya triaji waliyoitumia kule kuamua nani aonwe kwanza. Niliposoma hiyo niliweka simu chini. Swali moja kwa ndugu linaona mbali kuliko vipimo vyangu vyote vya dakika tano.

Ila ndugu akisema uongo je?

Neno lenyewe

Nimehangaika wiki kadhaa kutafuta jinsi ya kuliita hili jambo linalopimwa na CFS, Waingereza wanasema frailty, kwa Kiswahili. Uzee sio, maana kuna wa miaka 85 analima na wa 62 hawezi kusimama. Udhaifu unakaribia ila ukimwambia mtu mama yako ni dhaifu umemtukana. Ukongwe, unyonge, hapana. Mtaani tunasema "mzee kachoka", lakini hiyo sisi huwa tunaisema kwa sauti ya chini, ikisemwa watu wanaanza kupigia simu ndugu wa mbali.

Ninavyoielewa mimi ni kama simu yenye betri iliyozeeka. Inakuonyesha asilimia 60, unaitumia kuangalia saa, kusoma meseji, haina neno. Siku unapiga picha ya video ya ukweli, dakika moja, imezima. Haikuwa 60. Ilikuwa inaonyesha 60 kwa sababu hakuna aliyeidai kitu.

Nimonia ndo inadai.

118 ya nani

Nirudi kwenye presha yake. 118 kwa 70, mimi nikaona safi, wanafunzi tunawafundisha hiyo ndo presha ya kitabuni. Lile faili la plastiki lilikuwa na vyeti vya kliniki, na nilipokuja kulifikiria baadaye nikakumbuka dokta alivyolifungua akasoma kwa sauti: 168, 172, 165. Miezi yote. Kwa hiyo mwili uliozoea 170 ulikuwa umeshuka mpaka 118 na mimi nimeandika kawaida.

Mapigo 76 nayo. Alikuwa anameza atenolo, dawa inayoshikilia moyo usikimbie hata unapotakiwa kukimbia. Joto 36.7, wazee wengi wanaweza kuwa na maambukizi makubwa na ngozi isipate moto kabisa. "Kalegea, chakula hataki" ndiyo ilikuwa homa yake. Ndiyo ilikuwa kengele yenyewe, mwanae aliipiga vizuri tu, mimi nikaisikia kama maelezo ya pembeni.

Namba zake zilikuwa kimya kwa sababu mwili haukuwa na nguvu ya kupiga kelele.

Sasa weka hapo 6 badala ya 3. Mtu wa 6 aliyelegea, oksijeni 94, presha imeanguka kutoka ilikozoea, huyo humuachi kwenye njano masaa manne. Hata mimi nisingemuacha. Hicho tu.

Kwa nini yule kaka alisema vile

Mwanzoni nilimkasirikia. Nikaona ni wale watoto wa kutuma hela, wanakuja Idi na Idi, mama akipigiwa simu anajibu sijambo mwanangu, basi mtoto anaamini ana mama mzima. Na kuna ukweli hapo. Mama zetu wakipigiwa simu wote ni wazima. Mama yangu mwenyewe aliwahi kunijibu hajambo akiwa kwenye dripu.

Halafu nikaanza kuwasikiliza ndugu wengine pale dirishani, wiki baada ya wiki, na nikagundua wengi hawadanganyi kwa kutojua. Wanaogopa. Wanaona vitanda vya uangalizi maalum vinahesabika kwa vidole, wanaona vijana wanaletwa, na wanawaza kimoyomoyo: nikisema mama yangu anaogeshwa, si watasema huyu keshakwisha, tumpe kitanda mwingine?

Je, ni ujinga? Mi naona hapana.

Machi 2020 korona ilipopamba moto Uingereza, taasisi yao inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilitoa mwongozo wa wagonjwa mahututi unaotumia hiyo hiyo CFS kusaidia kuamua nani apewe ICU. Siku chache tu baadaye ikabidi waurekebishe, kwa sababu familia na vyama vya watu wenye ulemavu walikuja juu: mtu wa miaka 30 mwenye ulemavu wa akili au usonji, anayesaidiwa kuoga tangu utotoni, ukimpima kwa ngazi hizi anatokea 6 au 7 wakati mwili wake ni imara. Wakaandika wazi kwamba skeli isitumike kwa walio chini ya miaka 65 wala kwa watu wenye ulemavu wa kudumu wa aina hiyo.

Kwa hiyo yule kaka, bila kusoma mwongozo wowote, alishahisi kwamba namba inaweza kumgeukia mama yake. Akampamba. Mimi nilitaka namba ili mama aonwe haraka, yeye akampandisha cheo ili mama asiachwe, na kwa kumpandisha tukamchelewesha.

Hili ndilo lililoninyima usingizi, zaidi hata ya ile paketi. Kwa sababu siwezi kumuahidi ndugu yeyote kwamba namba haitatumika vibaya. Naweza kusema mimi nitaitumia vipi. Baada ya mimi kuna dokta, baada ya dokta kuna wodi, na faili linatembea na ile namba imeandikwa juu. Na namba yenyewe inazungumzia kundi, kati ya watu wengi wa 6 wengi zaidi watafariki kuliko wa 3, haijawahi kusema huyu bibi wa soksi mbili tofauti ataishi au hataishi.

Bibi yangu na jiko

Nilipopata likizo nikaenda Muheza kwa bibi. Sikwenda kumpima, nilikwenda kula machungwa. Lakini ukishaanza ugonjwa wa kupima watu huachi.

Bibi anakaa kibarazani kuanzia asubuhi. Chai analetewa. Maji ya kuoga anatengewa. Kupika hapiki, kufua hafui, sokoni haendi, dawa za presha anakumbushwa na shangazi. Nikahesabu kichwani: hapo tayari tano inakwenda sita. Nikapata baridi ya moyo.

Nikamuuliza, "Bibi, hivi sa hivi unaweza kupika ubwabwa?"

Akanitazama. "Mke mwenzangu, jiko nani ataniachia? Mkamwana kaingia na masufuria yake, mi nitakaa kati niambiwe namfundisha?"

Mchana yule mke wa mjomba akaenda kliniki na mtoto. Bibi akanyanyuka, akaingia jikoni, na mpaka nafika alishakuna nazi nusu kifuu ameikalia mbuzi kama msichana, mgongo umenyooka, na ananiambia chambua mchele usitoe macho. Jioni akanituma kwa mwenye duka nimwambie hela ya kikoba cha wiki iliyopita ilipungua elfu moja mia tano. Nikaenda. Mwenye duka akahesabu. Ni kweli ilipungua.

Bibi yangu ni tatu, wanangu. Huenda mbili siku ya ubwabwa.

Wale wa Halifax walishaliona tatizo la upande wao, kwenye maelekezo ya kutumia skeli walisema mtu ambaye maisha yake yote amepikiwa na mwenzake asihesabiwe kuwa tegemezi kwa sababu hapiki, angalia kilichobadilika. Sawa, hapo wanaume wamepona. Lakini kwa bibi yangu kilibadilika! Kapika miaka hamsini, sasa hapiki. Kilichobadilika ni nyumba. Huku kwetu kumuacha mzee afue ni aibu ya ukoo mzima, majirani watasema wamemfanya bibi yao mtumwa. Heshima inamkalisha kibarazani miaka kumi kabla miguu haijamkalisha.

Na uzuri huo huo wa heshima ndiyo pazia, kwa sababu aliyekalishwa na mkamwana na aliyekalishwa na miguu wote wanakaa kibaraza kimoja, wanapokea chai moja. Mpaka siku utoe mkamwana nyumbani ndo utajua.

Kuna watafiti waliofanya kazi na wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakaamua kutengeneza kipimo kifupi cha mazingira yetu, wanakiita B-FIT. Nilifurahi kujua kuna mtu aliona tusipime wazee wa migombani kwa maswali ya Halifax peke yake. Sijawahi kukiona kikitumika kwetu usiku. Kwetu usiku ni mimi na swali langu.

Maswali ya sasa

Kwa hiyo nimebadilisha swali. "Alikuwaje?" nimeacha, maana jibu lake ni "mzima kabisa", kama vile "habari za nyumbani" jibu lake ni nzuri hata nyumba inaungua.

Nauliza nani anamuogesha. Sio kama anaogeshwa, nauliza nani. Mtu anajibu jina kabla hajapata muda wa kupamba. Nauliza mara ya mwisho alitoka nje ya geti lini na alikwenda wapi na alirudi na nani. Nauliza pensheni au hela ya watoto inashikwa na nani. Nikisikia hapiki nauliza aliacha lini, na mwaka huo nani aliingia ndani ya nyumba. Naangalia kilichomo kwenye beseni.

Na namuuliza aliyesimama ukutani. Nimejifunza kufanya hivyo kwa adabu, maana ukimruka mtoto wa kiume mwenye faili ukaenda kumuuliza dada wa kazi mbele yake, umeanzisha ugomvi. Namwambia kaka nisaidie ukalipie au ukaandikishe kule dirishani, akigeuka tu namwambia binti, mdogo wangu, hebu nisaidie kumgeuza bibi. Tukiwa tunamgeuza anaongea mwenyewe. Mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka.

Bado sijajua kama ni sawa. Kuna siku nahisi naiba siri ya nyumba ya watu. Daktari mmoja tunayeshinda naye zamu aliniambia unajitesa, andika wanachokuambia, jukumu ni lao. Inawezekana.

Wiki iliyopita kaletwa babu kutoka upande wa Mkuranga, kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mjukuu wake, kafungwa na shuka asianguke. Mdomo umelegea, haongei, suruali imelowa. Ukimtazama unaandika saba bila kuuliza. Mjukuu ni kijana wa miaka ishirini hivi, hana faili wala kadi.

"Nani anamuogesha?"

Akacheka, yani akacheka kweli, pale pale na babu yake kwenye machela. "Sista, huyu ndo ananiamsha mimi alfajiri na fimbo. Jumapili tumepalilia mihogo naye mpaka saa tano."

Nikafunua shuka kuangalia miguu. Nyayo ngumu, udongo mwekundu chini ya kucha. Nikatoka nje kumuuliza dereva wa boda ambaye ni jirani yao, akasema Ijumaa babu alimdai hela yake ya korosho barabarani kwa sauti mpaka akaona aibu.

Nikarudi nikaandika.

Dokta akasoma, akamtazama babu, akanitazama mimi. "Tatu?"

"Tatu."

Akasimama kidogo. Halafu akavaa glovu akaita mtu wa eksirei.